Nyaraka za wachapishaji wanawake weusi: zikae kwa wenyewe au zipelekwe chuoni?

MkutubiMoshi

Habari zenu wanajukwaa. Ninasomea ukutubi na utunzaji wa nyaraka hapa Moshi, na tasnifu yangu inahusu namna ya kuhifadhi historia ya wachapishaji wadogo ambao maktaba kubwa hazikuwahi kuwatafuta. Mfano niliouchagua ni wa wanawake weusi wa Marekani wanaopenda wanawake wenzao, ambao tangu miaka ya 1970 walijiandikia, wakajihariria na kujichapishia. Kundi la Salsa Soul Sisters lilianza New York mwaka 1974, jarida la Azalea likatoka kuanzia 1977 hadi 1983, na mwaka 1980 Barbara Smith, Audre Lorde na wenzao wakaanzisha shirika la uchapishaji la Kitchen Table: Women of Color Press.

Msimamizi wangu anashikilia kwamba nyaraka za namna hii hazina usalama mpaka ziingie katika chuo kikuu chenye wataalamu na chumba cha hewa inayodhibitiwa. Mimi ninavutwa na kanuni za Lesbian Herstory Archives ya New York, ambayo nayo ilianzishwa 1974, zinazotaka mkusanyo ukae ndani ya jamii yenyewe, usiuzwe wala kugawanywa, na usomwe na mwanamke yeyote bila kudaiwa cheti cha usomi. Je, ipo hoja ya kitaalamu, na si ya kisiasa peke yake, inayoweza kuutetea msimamo huu mbele ya jopo?

DadaWaSakina (Arusha)

Hoja ipo, mdogo wangu, ila anza kwa kuuliza ni nani aliyevikusanya vitu hivyo wakati havikuwa na thamani machoni pa mtu mwingine. Mabel Hampton, mwanamke mweusi aliyezaliwa 1902, alicheza dansi jukwaani New York akiwa kijana, kisha akafanya kazi za nyumbani kwa watu kwa miaka mingi. Vitabu alivyokuwa amejikusanyia alivitoa kwa hifadhi hiyo wakati bado ipo ndani ya nyumba aliyokuwa akiishi Joan Nestle, mmoja wa waanzilishi, naye Nestle akamrekodi akisimulia maisha yake kabla hajafariki mwaka 1989. Sidhani kama kuna profesa wa enzi hizo ambaye angebisha hodi kwa mfanyakazi wa ndani kumwomba vitabu vyake. Utaalamu wa chumba cha ubaridi huanza baada ya kitu kupatikana, na hapa waliokipata ni wenyewe. Hiyo ni hoja ya upatikanaji wa nyaraka, tena ni ya kitaalamu kabisa.

Jambo la pili, usichanganye vitabu na nyaraka. Mkusanyo wa maandishi ya wanawake wasio wazungu uitwao This Bridge Called My Back ulitoka kwanza mwaka 1981 kwa Persephone Press. Shirika hilo lilipofunga milango, Kitchen Table ndiyo iliyotoa toleo la pili mwaka 1983, kwa hiyo uchapishaji wenyewe ulikuwa kazi ya uhifadhi. Kitabu cha Home Girls, alichokihariri Barbara Smith na kikatolewa na Kitchen Table mwaka huohuo wa 1983, kilichapishwa upya na Rutgers University Press mwaka 2000. Vitabu, basi, vilipata wa kuviokoa. Kinachopotea ni barua za wasomaji, hesabu za posta, rasimu zenye masahihisho ya kalamu na vijitabu vyepesi vya kurasa chache, na bila hivyo hutajua kazi ilifanywaje wala nani aliyelipia karatasi.

Tena usiwagawe watu hawa na wakutubi. Lorde mwenyewe alisomea ukutubi Chuo Kikuu cha Columbia, akahitimu 1961 na kuifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Ann Allen Shockley, mwandishi wa riwaya ya Loving Her ya mwaka 1974, alikuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Fisk. Nyaraka za Lorde leo ziko Spelman, chuo cha wanawake weusi kilichoko Atlanta, na hapo mstari kati ya jamii na chuo unafifia, jambo ambalo msimamizi wako atalifurahia kuliko wewe.

MstaafuWaMasijala (Soweto, Moshi)

Binti yangu, imani yangu hainiruhusu kuyasifu maisha unayoyaandika, na sitajifanya vinginevyo. Hata hivyo nimeshika majalada umri wangu wote wa kazi, na jalada halichomwi kwa sababu mtunzaji hapendi kilichomo. Wazazi wetu walisoma gazeti la Komkya hapa Moshi miaka ya 1950; niambie ni nyumba ngapi leo zina hata nakala moja.

Kwa upande wa kazi yenyewe, mkumbushe msimamizi wako kwamba mengi yanayoua karatasi hayahitaji mashine kuyazuia. Pini za chuma ziondolewe, kwa kuwa kutu hula karatasi kuanzia kwenye tundu. Maboksi yasikae sakafuni wala yasiguse ukuta, kwa ajili ya mchwa na unyevu wa masika. Karatasi isifunikwe kwa plastiki ya kubandikwa kwa moto, maana haibanduki tena. Kanda za kaseti zitangulie kunakiliwa: ukurasa uliobadilika rangi bado unasomeka, lakini kanda ikishikana, sauti imekwenda.

DadaWaSakina (Arusha)

Shikamoo mzee, na ahsante. Hilo la kanda linajibu swali la jopo moja kwa moja. Kanda za Hampton zilinakiliwa kidijiti kwa msaada wa wanafunzi wa ukutubi wa Pratt Institute, nazo husikilizwa mtandaoni, huku mkusanyo ukibaki mali ya hifadhi katika nyumba yake ya Brooklyn iliyofunguliwa 1993. Waliazima utaalamu bila kukabidhi umiliki.

MkutubiMoshi

Nawashukuru wote wawili, na shikamoo mzee. Nimebaki na shaka moja: barua na orodha za waliojiandikisha kupokea jarida zina majina ya watu ambao huenda wako hai na hawakutaka kujulikana.

WakiliMsomaji (Arusha)

Hapo ndipo tasnifu yako inaweza kuwa na uzito kwetu, kwa sababu hata jamii yenye nia njema inaweza kumdhuru mtu kwa kuweka barua yake wazi. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na katika nchi ambayo Kanuni ya Adhabu inagusa mahusiano ya jinsia moja, jina lililovuja si aibu tu. Itazame pia GALA, hifadhi ya nyaraka za wapenzi wa jinsia moja iliyoko Johannesburg, iliyoanzishwa 1997: ni taasisi yenye uongozi wake, lakini imelelewa ndani ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na ni mfano wa Afrika ambao jopo haliwezi kuuita wa mbali. Ningependekeza uandike sura nzima juu ya hati ya makabidhiano: nani anatoa, kipi kinafungwa, kinafungwa hadi mwaka gani, na nani mwenye mamlaka ya kukifungua kabla ya hapo. Orodha za wasomaji zifungwe kwanza, hata kabla hazijaskaniwa.