Kwa nini zimwi la mpira hutuchangamsha kuliko zimwi la kompyuta?

Mpangaji wa Umoja anauliza:

Wapenzi wa filamu, hamjambo. Katika ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, wapangaji tulichanga fedha tukanunua projekta kuukuu, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi hutundika shuka jeupe kwenye kamba za kuanikia nguo, tukaketi uani na bisi zetu hadi saa nne za usiku. Miezi miwili iliyopita zamu ya kuchagua filamu iliniangukia mimi. Nilichagua The Giant Claw, filamu ya Marekani ya mwaka 1957 inayomhusu ndege mkubwa kutoka anga za mbali, nikiamini kwamba nimewaletea majirani kitu cha kuwanyima usingizi.

Kwa muda mrefu walitulia kweli. Wanajeshi na wanasayansi walizungumza kwa uzito wote, wakirudia mara kwa mara kwamba kitu kile kina ukubwa wa manowari. Kisha ndege mwenyewe akajitokeza: shingo ndefu yenye mikunjo kama ya bata mzinga aliyenyonyolewa, macho yamemtoka pima, matundu ya pua yamefutuka, na kishungi cha nywele kimesimama utosini kama cha mtu aliyeamshwa ghafla. Mama mmoja wa ghorofa ya pili, ambaye tangu nihamie hapa sijawahi kuyaona meno yake, alicheka hadi chai ikamwagika mapajani. Kesho yake watoto wote wa ploti walishinda wakikimbizana huku wamenyoosha shingo.

Mwezi uliopita jirani yangu, akitaka kunipiku, alileta Sharknado ya mwaka 2013, ambamo kimbunga huwazoa papa baharini na kuwamwaga juu ya jiji la Los Angeles. Hiyo ilitengenezwa kwa makusudi iwe ya kipuuzi, na haina uhaba wa papa wa kompyuta; lakini baada ya dakika ishirini nilihesabu simu saba zikiwaka gizani. Kwa nini ubaya uliotokea kwa bahati mbaya hutupendeza, na ule uliopangwa hutuchosha? Na kwa kuwa mwezi huu zamu imenirudia, niwaonyeshe nini?

Fundi wa Mavazi ya Jukwaani anajibu:

Nitakujibu kwa upande wa sindano na gundi, kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha. Watu husema kwamba zimwi la mpira huchekesha kwa kuwa ni la mpira. Si kweli. Gojira (Godzilla) wa Wajapani, aliyeonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1954, alikuwa mtu ndani ya vazi la mpira, na watazamaji ambao miji yao miwili ilikuwa imepigwa mabomu ya atomiki miaka tisa tu kabla ya hapo hawakuona cha kuchekesha. Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa takriban kilo 100, na mwigizaji Haruo Nakajima alipiga hatua chache tu ndani yake kabla ya kuishiwa pumzi. Aliyesimamia madoido, Eiji Tsuburaya, alipiga picha kwa kasi kubwa kuliko ya kawaida, ili zikionyeshwa kwa kasi ya kawaida mwendo upungue na mwili uonekane mzito kama mlima. Tena Gojira huivamia Tokyo usiku. Kwa sisi mafundi, hakuna kitambaa cha bei nafuu kama giza: huficha zipu, huficha mishono, huficha mahali gundi ilipokataa kushika.

Sasa linganisha na Robot Monster ya mwaka 1953, iliyopigwa kwa siku nne na kwa dola zipatazo 16,000. Fedha za kutengeneza roboti hazikupatikana, kwa hiyo mwongozaji Phil Tucker alimwita George Barrows, mwigizaji aliyekuwa na vazi lake mwenyewe la sokwe, akamvika kofia ya mzamiaji kichwani, na huyo ndiye tunayeambiwa kwamba ameangamiza wanadamu wote isipokuwa wanane. Halafu wakampiga picha mchana wa jua kali, akipanda na kushuka vilima kama mtu aliyekosa matatu ya mwisho. Pangoni mwake ana mashine ya kutoa mapovu, na mashine hiyo imetajwa mwanzoni mwa filamu kwenye orodha ya waliochangia, kana kwamba nayo ilikuwa ikilipwa mshahara.

Mimi mwenyewe niliwahi kushona zimwi la tamthilia ya shule moja, kwa sponji ya godoro na magunia. Jioni ya mazoezi, ukumbini, chini ya taa moja ya kijani, lilitisha hata mwalimu akarudi nyuma hatua mbili. Siku ya maonyesho ukumbi ulikuwa na shughuli nyingine, tukapelekwa uwanjani saa sita mchana. Mtoto wa safu ya mbele akauliza kwa sauti, "Mbona zimwi limevaa soksi za shule?" Wazazi walicheka, nami baada ya kuona haya kidogo nikacheka. Nadhani kicheko cha namna hiyo ndicho unachokiulizia: mtazamaji ameuona mshono, na kupitia mshono amemwona mtu aliyekesha akishona. Papa wa kompyuta hawana mshono wa kuchungulia. Waonyeshe Robot Monster. Haifiki hata saa moja na robo, kwa hiyo hakuna atakayelala.

Mzee wa Vibandani anajibu:

Fundi amesema vyema, ila amekisahau kiungo ambacho sisi tuliokulia Eastlands tunakijua, nacho ni msimulizi. Katika miaka ya tisini, kwenye kibanda cha mabati huko Kariobangi, filamu hizi hazikutazamwa kimya hata siku moja. Kanda zilikuwa zimenakiliwa mara nyingi hivi kwamba usingeweza kumtambua shujaa ila kwa rangi ya shati, na Kiingereza chake kilitoka kwenye spika kama mtu anayeongea akiwa na ugali mdomoni. Kwa hiyo kijana mmoja aliketi kando ya televisheni akatusimulia. Zimwi lilipobomoa nyumba, alitangaza kwamba mwenye nyumba amefika kudai kodi, na kwamba leo ni tarehe mbili tu. Hakuna mwongozaji duniani ambaye angeipangia filamu ile kelele tulizopiga.

Baadaye DJ Afro, msimulizi wa filamu wa Kenya, aliifanya sanaa hiyo ijulikane nchi nzima, na hadi leo wapo watu ambao filamu ya mapigano isiyo na sauti yake huiona haijakamilika. Kampala nako, katika Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa na Isaac Nabwana mtaani Wakaliga kwa fedha kidogo mno, msimulizi VJ Emmie ni sehemu ya filamu yenyewe: huisifu, huidhihaki, na huwaonya watazamaji kwamba mapigano yanakuja. Wamarekani nao walianza mwaka 1988 kurusha Mystery Science Theater 3000 kwenye kituo kimoja cha Minnesota, ambamo mtu mmoja na roboti zake huketi mbele ya filamu mbovu wakiitolea maneno. Sisi tulilifanya jambo hilo bila roboti.

Kwa sababu hiyo nakupendekezea The Creeping Terror ya mwaka 1964. Zimwi lake ni kama rundo la mazulia lililofunikwa juu ya watu wanaotambaa, na ukitazama chini utaiona miguu yao. Linakwenda polepole kiasi kwamba anayeliwa hulazimika kulingoja, kisha ajisukume mwenyewe kuingia mdomoni. Tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili hata lisilokujua halikuli usipolisaidia. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya mazungumzo ya wahusika haisikiki, bali sauti moja hutueleza wanachoambiana. Hapo msimulizi wenu atakuwa amekuta kiti kimeshawekwa.

Msomaji wa South B anajibu:

Naomba kutofautiana na waheshimiwa walionitangulia, japo si kwa yote. Mwandishi Susan Sontag, katika insha yake maarufu ya mwaka 1964, alitetea kwamba kazi inayofurahisha kwa namna hii ni ile iliyofanywa kwa dhati kabisa ikashindwa, wala si ile inayojikonyezea yenyewe. Wengi wamelikariri hilo hadi limekuwa kama amri, lakini zipo filamu chungu nzima zilizotengenezwa kwa moyo safi ambazo hazichekeshi hata kidogo. Mzee anazikumbuka dakika za zulia. Amesahau kwamba katika filamu hiyohiyo kuna dansi ambayo, ukiiacha ukaenda jikoni kuandaa chai, utarudi na chai uikute dansi bado haijakwisha.

Kwa maoni yangu, dhati peke yake haitoshi. Lazima tamaa ya mtengenezaji iwe kubwa mno kuliko mfuko wake, na pengo lililo baina ya hivyo viwili lionekane mbele ya macho yetu. Kama ndege wa mwaka 1957 angetajwa kuwa na ukubwa wa ng'ombe, tusingecheka. Tulicheka kwa kuwa tuliahidiwa manowari. Tazameni pia Attack of the Killer Tomatoes ya mwaka 1978, ambayo ilikusudiwa kuwa mzaha tangu mwanzo. Tukio ambalo watu hulisimulia zaidi ni helikopta iliyoanguka kweli wakati wa kupiga picha. Waliokuwamo walinusurika, kamera zilikuwa zikiendelea, na tukio likaachwa ndani ya filamu. Kwa hiyo mpaka hauko kati ya waliokusudia na wasiokusudia. Uko pale ambapo kitu fulani kimemponyoka mtengenezaji, nasi tumekiona kikimponyoka.

Jambo la pili ni adabu ya kicheko chenyewe. Mwigizaji mkuu wa The Giant Claw, Jeff Morrow, alieleza baadaye kwamba yeye na wenzake hawakuwahi kumwona ndege yule walipokuwa wakiigiza. Walitazama juu, hewani, wakaogopa kwa kadiri ya uwezo wao. Alimwona mara ya kwanza kwenye sinema ya mji wa kwao, ukumbi ukiangua kicheko kila ndege alipotokea, naye akajipenyeza nje kabla filamu haijakwisha ili asitambuliwe. Tangu niisome habari hiyo, siwezi kuyatazama macho yake katika filamu ile bila kumwonea huruma, na bado nacheka.

Ninachokiogopa ni kile kicheko cha mwenye gari akimtazama mwenye mkokoteni. Nimekisikia hapa mjini, katika onyesho moja la filamu ya Uganda, kwa watu waliocheka bunduki za mabomba na vyuma chakavu bila kujali ustadi wa aliyeziunganisha. VJ Emmie hucheka akiwa ndani ya nyumba. Wale walikuwa wakicheka dirishani.

Mzee wa Vibandani anajibu:

Kuhusu dansi nimesalimu amri. Ni ndefu kweli, na ukweli ni kwamba wakati wa sehemu kama hizo sisi tulitoka kwenda kununua mandazi. Kuhusu adabu, nakubaliana nawe kwa sehemu, ila kumbuka kwamba nyumba zilizobomolewa kwenye skrini zilikuwa za mbao nyembamba na kadibodi, na waliocheka walikuwa wamelala kwenye mabati usiku uliotangulia. Tulikuwa tukizifahamu nyumba za aina hiyo kwa ndani.

Mpangaji wa Umoja anajibu:

Ahsanteni nyote. Nimeamua kuonyesha Robot Monster, kwa sababu ni fupi, na kwa sababu fundi cherehani wa ploti yetu ameapa kwamba ataihesabu mishono ya lile vazi la sokwe. Ile ya mazulia tutaionyesha mwezi ujao, na wakati wa dansi mandazi yatauzwa.

Jana jioni nilimsimulia Mama wa ghorofa ya pili kisa cha Morrow kutoroka sinema. Alinyamaza, akaendelea kuanua nguo zake, kisha akaniomba tutangulize dakika kumi za ndege yule, kwani safari hii anataka kumtazama mwigizaji badala ya ndege. Alipofika kwenye ngazi aligeuka, akaniuliza ikiwa ile maikrofoni tuliyoazima kwa ajili ya harusi ya Desemba bado iko kwangu, maana ana maneno machache ya kumwambia huyo sokwe.