Naomba ushauri: pandoc inarudia mchoro mmoja kila sura

Habari wakuu, nimekwama kwenye pandoc (programu ya kubadilisha mafaili kutoka aina moja kwenda nyingine). Nina mafaili 12 ya Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama za mpangilio), kila moja ni sura na liko kwenye folda yake pamoja na picha zake, nataka yatoke faili moja la Word (docx). Nikiwa folda ya juu napiga komandi `pandoc */index.md -o mwongozo.docx`, maandishi yanatoka safi kabisa ila picha hamna, inalalamika haijaipata mchoro.png. Nikaongeza `--resource-path` (ya kuiambia itafute picha folda zipi) nikataja folda zote, sasa picha zinakuja lakini kila sura inaonyesha mchoro wa sura ya kwanza, maana majina ya picha yanafanana. Kubadilisha majina ni shida kwa kweli, wenzangu bado wanaandika humo humo. Kuna namna ya kila faili kutafuta picha kwenye folda yake lenyewe? Au lazima nikonvati moja moja halafu niunganishe?