Ada nimemaliza, mwanangu karudishwa nyumbani kisa mchango wa jengo la kanisa

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Jumanne mwanangu wa darasa la nne karudi nyumbani saa nne asubuhi, peke yake, kikaratasi kimebanwa kwa pini kwenye sweta, kifuani kabisa. "Mzazi unakumbushwa sh 50,000 ya jengo. Mtoto asirudi bila hiyo hela." Ada sidaiwi hata senti. Awamu zote nimelipa, risiti za benki ninazo. Hiyo 50,000 ni ya ukumbi wa kanisa, na sisi wala si waumini wa pale. Tunaishi Mbeya, ng'ambo ya barabara ya Tunduma, mnayajua yale malori. Mtoto wa miaka kumi kavuka barabara ile bila mtu mzima kwa sababu ya matofali!

Najua kuna watakaosema "mhamishe". Ngojeni kwanza niwaambie kwa nini nilimpeleka.

Ni shule ndogo ya kanisa, kuanzia awali mpaka la saba watoto hawafiki 150. Darasani kwao wako 19. Tangu elimu bila malipo ianze 2016, shule ya serikali ya mtaani kwetu imefurika. Siku nilipokwenda kuulizia nafasi nilihesabu watoto 112 chumba kimoja, wengine chini. Pale kwa kanisa, mwalimu wa awali ndiye aliyeniita akaniambia, "Mama, huyu mtoto haoni ubaoni, mpeleke hospitali akapimwe macho." Mimi niliyemzaa sikuwa nimegundua. Miwani anayovaa leo ni kwa sababu ya yule dada, na sitakaa nimsahau. Darasa la kwanza halijaisha anasoma. Bibi yake akiletewa dawa, yeye ndiye anayemsomea maelekezo ya kwenye boksi. Uji saa nne, makande mchana, na maharage yanaonekana. Wakubwa wanawashika wadogo mkono kwenda chooni. Hayo yote ni kweli, na ndiyo maana nina uchungu.

Sasa wanaibomoa wenyewe. Mwalimu wa hisabati, kijana hodari, alikaa miezi mitatu bila mshahara. Juni akapata ajira ya serikali, akaondoka, na mimi simlaumu. Mpaka leo hajaletwa mwingine. Darasa la nne na la tano wanawekwa chumba kimoja kwa mwalimu wa Kiswahili ambaye naye kabebeshwa hisabati. Jana nimefungua daftari la mwanangu: kazi ya mwisho iliyosahihishwa ni ya tarehe 11 Juni. Kuanzia hapo kurasa zimejaa mahesabu yake, hakuna tiki, hakuna kosa, hakuna sahihi ya mtu. Mtoto anafanya kazi ambayo hakuna anayeiangalia. Na huu ni mwaka wa upimaji wa kitaifa wa darasa la nne!

Vitabu ni hivyo hivyo. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 walikuwa la tatu, tukachangishwa 30,000 kila mzazi ya vitabu vipya. Vikaja vinne. Vinne kwa watoto 19! Niliishia kupakua vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) kwenye maktaba yao ya mtandaoni, nikavichapisha steshenari kwa hela yangu.

Kwenye kikao cha wazazi niliomba jambo moja tu, tusomewe mapato na matumizi ya shule. Mzee wa kanisa mmoja akasimama: "Shule ni mali ya kanisa, mzazi wajibu wake ni kulipa." Mchungaji akafunga kikao kwa sala. Mwalimu mkuu alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Wa kumlaumu si yeye, hata boksi la chaki hanunui mpaka kamati ya fedha ya kanisa ikae. Ada yetu inaingia akaunti moja na sadaka, na ukumbi unapanda kila mwezi huku walimu wanakopa unga dukani. Na huo unga wanaukopa duka la jirani yangu, daftari la madeni nimeliona.

Baba yangu alisoma shule ya misheni, kabla serikali haijazitaifisha kwa sheria ya 1969. Mpaka anaingia kaburini alikuwa anawataja walimu wake mmoja mmoja. Ndiyo imani iliyonipeleka pale. Nilijua watu wa kanisa hawawezi kula ada ya mtoto.

Kujenga ukumbi sikatai. Wachangishane waumini Jumapili, hata mimi wakiniomba kwa adabu nitatoa nilicho nacho. Ila ada ilipe mwalimu, inunue vitabu, na mtoto asigeuzwe ubao wa matangazo ya madeni ya watu wazima.

Mliowahi kupeleka jambo kama hili kwa Afisa Elimu Kata au kwa wathibiti ubora wa shule, mlianzaje? Barua ya mzazi mmoja inapokelewa au lazima tuwe wengi? Mpaka sasa tuko wazazi sita tulio tayari kuweka sahihi, wengine wanaogopa watoto wao kuandamwa.

Jumatatu nampeleka mwenyewe mpaka darasani, risiti mkononi. Hiyo 50,000 sitoi.