FUNDI KAULIZA MAMANGU ANA KILO NGAPI!!! (nina hasira, msinicheke)

Kopo_la_Grisi
Nyie wa Mombasa mwamjua. Simtaji, lakini ukisema "yule wa chini ya mkwaju" hata mbuzi wa Majengo watakuonyesha njia. Ndiye huyo huyo. Leo yuwaniuliza kwa simu, spika iko wazi, mamangu kaketi kando yangu: "Kwani mama ana kilo ngapi?"

Kilo ngapi! Mamangu! Mwanamke ambaye kaskazi ikivuma twamfungia madirisha asipeperuke!

Nina Jeep, Wrangler Rubicon. Wenye nazo wajua, zatoka kiwandani na reli za chuma chini ya milango, za kukinga mawe. Gari likilalia jiwe porini, reli ndiyo hubeba, bodi haiguswi. Lakini reli si kidato. Imejibana juu kule, na mama na buibui lake hawezi kurusha mguu kama apanda farasi. Nikataka vidato viwili (saidistepu, mwaziita nyie wa Nyali) vifungwe kwenye hizo reli, kimoja kila upande. Basi. Sikuagiza meli.

Shilingi 18,000. Kapima kwa kamba. Futi hana, ana kamba ya katani na mafundo. Kisha kajipiga kifua: "Hiki utapandishia ndovu." Ndovu! Liwekeni hilo neno.

Jumamosi, harusi, mlango wa ukumbi Tudor. Kina mama wamejipanga, udi wanukia, vigelegele vishaanza. Mama kafungua mlango, kaweka mguu mmoja. Nasema MMOJA. Tak! Kigelegele kikakatika katikati kama redio iliyoishiwa betri. Mama chini, sinia la kaimati hewani, kaimati zikabingirika mpaka kwenye viatu vya bwana harusi.

Alhamdulillahi hakuumia, goti tu, na heshima yake. Nikainama kuangalia. Bolti mbili za spana namba 10! Zile za kukazia vichwa vya betri! Hapo pataka namba 17! Na wosha kakata kwa bati la kopo, maandishi bado yasomeka "...ya kupikia". Wiki tatu tu, chumvi ya bahari imeshazila, chini ya rangi nyeusi ni kutu tupu.

Nampigia aseme pole, yeye aniuliza kilo. Na alisema NDOVU, jamani.

Mpwa_wa_Nahodha
Pole sana ndugu yangu. Swali dogo tu, bila ubaya. Mama ana kilo ngapi?

Kopo_la_Grisi
Nenda zako. 51. Na mkoba wake.

Bi_Mkasi
Kaimati ngapi zilipona?

Spana_13
Tuwe wakweli, na wewe una makosa. Kidato kimetokeza nje ya reli, kila ukikanyaga ni kama mtaimbo wang'oa bolti. Yataka bolti nene nne na bamba nyuma ya reli ligawe uzito. Kwa hewa yetu hii, chuma kiwe kimechovywa zinki. Halafu vyaning'inia chini kuliko reli yenyewe, kwa hivyo siku ukienda Tsavo Magharibi kwenye mawe ya Shetani ndivyo vitakavyogonga kwanza. Vifunge vya kutoka, uvivue kabla ya safari.

Kopo_la_Grisi
Ndovu dume hufika tani 6, Spana. TANI. Mama hajafika hata mkonga.

Mkaaji_wa_Magongo
Wa mkwaju? Mie alinichomelea karia ya juu bila kuchomoa waya wa betri. Taa zote za dashibodi zikawaka mara moja, nikadhani ni Maulidi. Kompyuta ya gari imekufa mpaka leo. Nilipomuuliza kaniambia gari lina majini.

Mpwa_wa_Nahodha
Labda ndio walimpandisha kidato mama. Majini wana kilo ngapi?

Bi_Mkasi
Nyie mwalia bolti. Fundi wangu wa nguo dera la Idi kanipa Idi ya pili, mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Namuuliza, aniambia: "Dada, mkono wako ndio mfupi."

Mkaaji_wa_Magongo
Hao wamesoma chuo kimoja na wa mkwaju.

Kwa_Shee
Afadhali dera. Fundi wa makochi anakaa na makochi yangu tangu Ramadhani, "kitambaa chaja, kitambaa chaja". Wageni wangu wakalia mkeka. Juzi napita namkuta kalalia moja, kikombe cha kahawa kifuani, ati yuwajaribu springi. Jana napita tena, hata hilo halipo.

Spana_13
Kopo, ukitaka nikuonyeshe bolti zenyewe njoo na reli...

Kopo_la_Grisi
Jamani, uzi ni wa vidato! Mamangu mpaka sasa amekataa kula, yuwaniuliza kama kweli amenenepa

Bi_Mkasi
Ngoja kwanza Kopo. Shee, hayo makochi ni rangi gani? Mie juzi nimeuziwa moja Kongowea, la maruni, bei ya kutupa.

Kwa_Shee
MARUNI??? Mkono wa kushoto lina alama ya pasi?

Bi_Mkasi
Njoo inboksi.