Tupeane uzoefu: mzee mwenye presha mlimwanzishaje mazoezi?

Shikamooni wakubwa. Baba yangu ana miaka 71, yuko Morogoro, anatumia dawa za presha. Tangu astaafu ualimu anashinda barazani kwenye kiti, akiinuka anashika ukuta. Daktari kamwambia atembee, basi. Nimesoma mwongozo wa Shirika la Afya Duniani: angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 kwenda juu, mazoezi ya nguvu na ya kuzuia kuanguka siku 3 au zaidi. Kwa mtu aliyezoea kukaa, mlianzia wapi?

Bibi wa Tanga
Marahaba mwanangu. Mimi nina 68, presha ninayo. Natoka baada ya swala ya alfajiri, jua halijachoma, nafika sokoni kwa miguu, mjukuu anabeba kikapu. Mwendo wangu ni ule wa kuweza kuongea lakini kuimba nishindwe. Nyumbani nakaa na kusimama kwenye kiti bila kushika popote, na hilo ndilo lililonirudishia mapaja. Baba asiinuke kitandani ghafla. Dawa za presha zinaweza kuleta kizunguzungu mtu anaposimama. Akae kwanza ukingoni, miguu chini, atulie, ndipo asimame.

Mkulima Moshi
Mzee wetu neno mazoezi hakutaka kulisikia, aliona ni mambo ya vijana. Tukamwomba awe anakagua migomba ya shamba la chini na kuangalia mfereji. Sasa anakwenda kila asubuhi na fimbo yake, na asiporidhika na mfereji anarudi tena jioni. Mpe mzee safari yenye sababu, atatembea mwenyewe.

Muuguzi Dodoma
Namuunga mkono wa Moshi. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London: makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Ile ilikuwa kazi tu, hakuna aliyevaa raba.

Ila jamani, kifua kikibana, maumivu yakienda taya au mkono, pumzi ikikata au jasho la baridi likitoka, asimame hapo hapo na apelekwe hospitali, hata kama maumivu yameisha njiani. Na presha ikisoma vizuri asiache dawa. Inasoma vizuri kwa sababu anazimeza. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye viungo vya kukolezea mchuzi. Hapo ndipo wengi wanapopitiliza.

Mwanzisha mada
Ahsanteni sana. Bibi, hilo la kiti tunaanza kesho, nitakaa naye mwenyewe. Kuna mwenye mzee anayeumwa magoti na bado anatembea? Baba goti la kulia linamsumbua akishuka ngazi.