Naomba ushauri: mazoezi ya hesabu niliyoandaa kwa ChatGPT yana kosa

Mwalimu wa Katuba
Ndugu zangu, nafundisha hesabu mwaka wa tano sayansi hapa Lubumbashi. Wanafunzi 54, kitabu kimoja, nacho kiko mezani kwangu. Tangu Januari naandaa mazoezi kwa ChatGPT, kwenye simu. Yananisaidia mno. Juzi nimekuta kosa kwenye swali la logi. Niendelee au niache? Usingizi sina.

Mama Neema
Acha, mwalimu. Juzi nimemtuma wangu unga wa bukari, akatoa simu ajumlishe 2500 na 1800! Sisi tebo tulizikariri tukiwa tunatwanga.

Fundi Redio
Weka swali tulione.

Mwalimu wa Katuba
log x + log(x − 3) = 1. Jibu ililonipa: x = 5 au x = −2.

Dada Hesabu, Bukavu
−2 haifai. Logi ya namba hasi hakuna, kwa hiyo x lazima izidi 3. Jaribu 5: log 5 + log 2 = log 10 = 1. Imetimia. Ile mashine hupanga maneno kwa kufuata ilivyozoea kuyaona, kwa hiyo inaweza kukosea kwa lugha safi kabisa. Maswali ikutungie, majibu yakokotoe kwa kalamu yako. Ila mwalimu, kosa uliligunduaje?

Mwalimu wa Katuba
Ni mwanafunzi.

Dada Hesabu, Bukavu
Kwenye zoezi tu?

Mwalimu wa Katuba
Mtihani. Umeme ulikatika, nikakimbilia Kenya jioni kuchapisha kwa mwenye jenereta, sikuwahi kupitia majibu. Nikasahihisha kwa majibu yale yale. Walioandika 5 peke yake niliwakata pointi mbili. Binti mmoja akaja na karatasi, "x > 3" kaipigia mistari miwili, akaniuliza amekosa wapi. Nikamwambia nitaangalia. Pointi ziko kwa prefe, mkuu wetu wa shule, tayari. Nawaza niwaongezee kimya kimya mtihani ujao. Nina madarasa manne, mnielewe.

Kaka wa Tanga
Jamani, hii ya kutunga. Lubumbashi hadi Kenya jioni moja, kuchapisha mtihani? Labda kaitunga mashine hiyo hiyo.

Fundi Redio
Kaka, Kenya ni komini ya hapa hapa Lubumbashi, jirani na Katuba. Hata kwa miguu unafika.

Kaka wa Tanga
Kumbe! Nisamehe, mwalimu.

Mama Neema
Mimi mwalimu wetu aliwahi kufuta ubao mzima mbele yetu, akasema "nimewadanganya jana, tuanze upya." Hadi leo namheshimu.

Dada Hesabu, Bukavu
Kimya kimya hapana. Huyo binti sasa anadhani sharti la x > 3 ndilo lililomponza, na ndilo atakaloliacha kwenye mtihani wa serikali. Wako wangapi?

Mwalimu wa Katuba
Prefe atanionaje?

Dada Hesabu, Bukavu
Wangapi, mwalimu?

Mwalimu wa Katuba
Saba. Nimeshaandika majina yao.