Tupeane uzoefu: mapaja kuuma siku ya pili baada ya mteremko au skwati

Kocha_Mteremko: Mjadala wa marathoni ya Boston, inayoanzia Hopkinton, umenikumbusha hili. Watu wanaogopa vilima vya Newton vya mbele ya safari, kumbe mapaja yameshaliwa na mteremko wa kutoka Hopkinton. Ukishuka, msuli unavutwa huku umekaza. Nyuzi zinachanika, kalsiamu inavuja ndani ya seli, na saa chache baadaye jeni za dharura zinaamka: za protini zinazolinda seli kama HSP70, na CCL2 inayoita chembe nyeupe za damu. Maumivu hufika kileleni kati ya saa 24 na 72. Leteni ya kwenu.

Mama_Skwati: Kweli tupu. Choo cha kuchuchumaa kinageuka mtihani.

Zamu_ya_Usiku: Maumivu si tatizo. Tatizo ni mtu aliyekaa miezi bila zoezi, anaingia jimu, anapigishwa skwati mia kwenye joto. Siku ya pili mapaja yamevimba, magoti hayakunjiki, mkojo kama chai ya rangi. Hiyo ni rabdomiolisisi, yaani msuli kuvunjikavunjika: mayoglobini, protini ya msuli, inavuja na kuumiza mirija ya figo. Kijiti cha kupimia mkojo kinaonyesha damu, darubini haioni chembe nyekundu. CK, kimeng'enya cha msuli kinachopimwa kwenye damu, ikizidi mara 5 ya kiwango cha juu cha kawaida, anawekewa dripu na potasiamu inafuatiliwa, maana ikipanda moyo unaweza kusimama. Dawa ya maumivu ya ibuprofeni marufuku, inapunguza damu inayofika kwenye figo.

Nondo: Duh! Wanawake si wanalindwa na estrojeni, homoni ya kike?

Mama_Skwati: Nani kakudanganya? Hiyo ni ya panya: wakitolewa ovari, misuli huvujisha CK zaidi. Wakirudishiwa estradioli, aina ya estrojeni, inapungua. Kwa binadamu, CK ya wanawake huwa chini hata wakiwa wamepumzika, lakini maumivu hayatuchagui.

Nondo: Basi testosteroni, homoni ya kiume, ndiyo inakinga.

Kocha_Mteremko: Hiyo inaongeza seli za akiba za msuli, haizuii kuchanika. Wanaojichoma sindano zake, misuli inakua haraka, kano zinabaki nyuma, zinakatika.

Kijana_wa_Jimu: Barafu, wakuu. Dakika 10.

Kocha_Mteremko: Ukiizoea baada ya kila zoezi la kunyanyua vyuma, msuli unakua kidogo. Anza seti 2 za marudio 8, shuka kwa sekunde 3, rudia wiki ijayo. Dozi ndogo ya kwanza inakinga kwa wiki kadhaa.

Mama_Skwati: Na supu ya kongoro.

Kijana_wa_Jimu: Na kama mkojo mwekundu ni wa bitiruti?

Zamu_ya_Usiku: Bitiruti haivimbishi mapaja, na kijiti hakitaonyesha damu. Mapaja yakivimba, nenda kapime usiku huohuo.